Mdogo wangu wa Tukuyu, tuma tu

Umeuliza kama mtu wa Tukuyu asiye na jina wala kitabu anaweza kuingia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, aisee tuma tu mdogo wangu, ile ipo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa mwanzo kabisa walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, na muswada wako ukishinda, serikali inauchapisha, kwa hiyo kutokuwa na kitabu sio kikwazo.

Ila masharti yasome mara mbili tatu, mimi kuna shindano moja niliweka jina langu kila ukurasa kumbe walitaka jina likae karatasi ya peke yake, hadithi ikatolewa hata haijasomwa, na nilikuwa nimeiandika miezi minne kwenye simu usiku. Iliniuma sana.

Halafu kabla hujaenda kuprinti steshenari msomee mtu kwa sauti, mimi namsomeaga shangazi akiwa anamenya viazi, kisu kikisimama najua hapo pamekaa, akiendelea kumenya narudi kuandika upya. Na usihangaike kuipeleka hadithi yako Dar ili ionekane ya maana, wewe andika ule ukungu wa asubuhi, wamama wamejitanda vitenge wanapakia mikungu ya ndizi kwenye fuso, huku tingo anawaharakisha na mvua hiyo inakuja. Ukimaliza kurasa za mwanzo niambie nikusomee, nipo Uyole.