Kikaratasi chenye 108

Juzi nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa sekondari: "Kaka, mashindano ya hisabati ya mtu mmoja mmoja nafanya vizuri, ila tukiingia kama timu tunaburuza mkia. Niachane na timu?" Nimeusoma mara tatu. Miaka ile ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Mdogo wangu, hapo kuna michezo miwili tofauti. Ukiwa peke yako unapambana na saa na utaratibu wa alama, kwa hiyo uusome utaratibu huo kabla hujashika kalamu. AMC 12, mashindano ya hisabati ya wanafunzi wa sekondari Marekani, ina maswali 25 ya kuchagua kwa dakika 75. Ukipata, alama 6; ukikosa, 0; ukiacha wazi, 1.5. Machaguo ni matano, kwa hiyo anayebahatisha gizani anavuna wastani wa 1.2. Kuacha kunalipa zaidi! Mimi nilikuwa najaza yote, naona aibu kuacha nafasi tupu.

Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanzia Romania mwaka 1959, ina sura nyingine: siku mbili, kila siku maswali matatu kwa saa nne na nusu, kila swali alama 7. Humo jibu tupu halikufikishi mbali, kinachosahihishwa ni uthibitisho. Na kwa kuwa kila nchi hupeleka hadi wanafunzi sita, wengi hudhani ni mashindano ya timu. Kila mmoja huandika peke yake na medali ni yake. Msimamo wa nchi ni kujumlisha tu alama za hao sita.

Timu hasa utaiona kwenye raundi za pamoja, mnapogawana maswali mezani, na kwenye mbio za kupokezana. Hapo ndipo nilipoumia.

Tulikuwa watatu, tumekaa mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna kuongea. Wa kwanza anatatua, anaandika jibu kwenye kikaratasi na kumpa wa pili, ambaye swali lake halitatuliki bila namba hiyo. Wa tatu ndiye anayekabidhi jibu la timu. Niliwekwa wa kwanza kwa sababu nilikuwa mwepesi, na nilijua hivyo, na nilitaka kila mtu ajue.

Swali langu: umbo la pande 12 lina mistari mingapi inayounganisha pembe zisizopakana? Kila pembe inaungana na pembe 9, mara 12, nikaandika 108 na kupeleka nyuma kwa madaha. Wa pili aliulizwa namba aliyopokea ina vigawo vingapi. Akapata 12. Wa tatu alitakiwa kutafuta jumla ya pembe za ndani za umbo ambalo idadi ya pande zake ni namba aliyopokea. Akaandika nyuzi 1800.

Hesabu zao zilikuwa safi kabisa. Mimi nilikuwa nimehesabu kila mstari mara mbili, kutoka kila ncha. Jibu langu lilipaswa kuwa 54, ambayo ina vigawo 8, na jibu la timu nyuzi 1080.

Kwa hiyo usiachane na timu, jichunguze kwanza. Fanyeni mazoezi ya kupokezana na saa mezani. Wa kwanza awe mhakiki, mbio za kalamu si kitu. Kwenye raundi ya pamoja, anayejua zaidi asikumbatie maswali yote. Achukue magumu mawili, kisha ahakiki ya wenzake. Na hakiki. Nimeshasema? Narudia: hakiki! Vijana wengi mnapenda kuonekana mna akili kuliko kupata alama, na kiburi hicho hakijawahi kumpa mtu hata nusu alama.

Kanuni ziliruhusu kupeleka kikaratasi cha pili chenye masahihisho. Tulipokuwa tunatoka ukumbini, yule wa tatu aliniuliza kama niliona kosa. Nikamwambia ndiyo, lakini muda ulikuwa umekwisha. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Ukweli ni kwamba 54 nilikuwa nimeshaiandika pembeni ya karatasi yangu, nikaifunika kwa kiganja, na saa ya ukutani ilionyesha bado dakika moja na nusu.