Mfahamu Chui Bustanini Kabla Hujamfuata Porini

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akitaka kujua lenzi inayofaa kumpigia picha chui, kwa sababu kila akienda hifadhini hurudi na picha za mkia na matawi. Jibu la lenzi ni fupi: milimita 400 zinatosha mahali pengi, 600 ni bora zaidi chui akiwa mbali, na mfuko wa maharage wa kuegemezea kamera dirishani mwa gari usiachwe nyumbani. Jibu refu, ambalo hakuliuliza, ni kwamba aanzie kwenye bustani ya wanyama, akae mbele ya chui tangu geti linapofunguliwa hadi linapofungwa.

Ninajua ushauri huu hauwapendezi wengi. Mpiga picha mmoja mwenye jina kubwa aliwahi kuishika picha yangu mbele ya wenzetu na kutamka kwamba chui wa bustanini ni mazoezi ya watoto. Maneno yale yananichoma hadi leo, na yananichoma zaidi kwa kuwa picha zangu za porini ambazo watu huzisifu zimetokana na yale niliyojifunza mahali hapohapo alipopadharau.

Bustanini unapata muda ambao porini huupati. Chui aliyelala juu ya gogo hainuki ghafla. Masikio ndiyo hutangulia, yakageukia nyuma huku macho yangali yamefumba. Kisha ncha ya mkia, ambayo kwa chini ni nyeupe, huanza kujikunja na kujikunjua. Baadaye hupiga miayo, aghalabu zaidi ya mmoja, na ndipo hunyoosha miguu ya mbele na kusimama. Niliyaandika haya yote daftarini, siku baada ya siku, wakati wageni wengine walikuwa wakitazama kidogo, wakimwona amelala, na kuondoka.

Daftari hilo ndilo lililonifaa Seronera, katika Hifadhi ya Serengeti. Chui jike alikuwa amejilaza kwenye tawi la mwegea, jua limepanda, na magari yaliyomzunguka yakaanza kuondoka moja baada ya jingine kwa kuwa madereva waliamini hatashuka kabla ya jioni. Nilimwomba dereva wetu tusubiri, kwa maana nilikuwa nimeona masikio yakigeuka. Ulipokuja mwayo wa kwanza nilipandisha kasi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, hadi 1/1600 ya sekunde na kuongeza mwanga kwa hatua moja na nusu, kwani anga jeupe nyuma ya matawi huifanya kamera imtie chui giza. Alishuka kichwa mbele, makucha yakikwaruza gome, na uso wake wote ukiwa upande wetu. Picha hiyo ninaionea fahari, nami sioni haya kusema hivyo.

Kwa upande wa ufundi wa bustanini, sogeza lenzi karibu na wavu kadiri kizuizi kinavyoruhusu, fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 au f/4, kisha ungoje chui awe mbali na wavu. Waya hizo zitayeyuka pichani. Chagua sehemu ya wavu iliyo kivulini. Penye kioo, gusisha kingo ya mpira ya lenzi kwenye kioo, vaa nguo nyeusi na uzime flashi. Chui anayekwenda na kurudi kwenye uzio uleule bila kukoma usimwite mwindaji, kwa sababu mwendo huo mara nyingi ni dalili ya dhiki ya kufungiwa.

Porini, wasikilize wanyama wengine kabla ya kuchungulia matawi. Swala pala wakikoroma huku wamekazia macho kichaka kimoja, au nyani wakibweka kutoka mitini, zima injini na utulie. Chui mwenyewe hutoa sauti ya kukereza, kama msumeno unaopita kwenye ubao. Mahali nako kuna uzito wake: katika Hifadhi ya Yala, nchini Sri Lanka, hakuna simba wala chui milia, kwa hiyo chui hutembea wazi mchana, ilhali katika Hifadhi ya South Luangwa, nchini Zambia, matembezi ya gari ya usiku kwa taa humkuta akiwinda.

Ndugu zangu, semeni ukweli kuhusu mahali picha ilipopigwa. Mshindi wa shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year la 2009 alivuliwa ushindi mwaka 2010, baada ya waamuzi kuona kwamba mbwa mwitu (wolf) aliyempiga picha yaelekea alikuwa mnyama wa kufugwa, ingawa mwenyewe alikana. Mimi huandika "bustani ya wanyama" chini ya kila picha inayostahili maneno hayo, hata pale ninapojua nitabezwa.

Tena, msimshinikize dereva aache barabara ili msogee karibu. Katika eneo la Seronera jambo hilo limekatazwa, na chui jike aliyebanwa na magari huacha mawindo yake au huwahamisha watoto wake. Picha za mama mwenye watoto ninazichapisha wakiwa wamekwisha kuhama, na jina la korongo walimokuwa silitaji kwa yeyote, hata anayeniomba kwa upole.