Kifaransa: ukisoma unaelewa, ukisikiliza huambulii kitu

Mkuu, umeuliza kwa nini maneno uliyoyakariri kwa kadi za msamiati kwenye simu unayatambua ukiyaona, lakini Mkongo akiyatamka yanapotea. Sisi tumekulia kwenye lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kifaransa sivyo: "il parle" na "ils parlent" sikioni ni kitu kimoja, na "les enfants" linakuja "lezanfan", kama neno moja. Umeyahifadhi kwa macho, sikio halijawahi kukutana nayo.

Mimi natoa mizigo bandarini Dar, wateja wangu wengi ni wa Lubumbashi, Kongo. Kiswahili tunaelewana, ila nyaraka zao ni za Kifaransa, na wakitaka kuteta bei wao kwa wao wanahamia huko huko. Hamu ya kujifunza ilianzia hapo!

Nilichokitegemea zaidi ni Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: habari za dakika 10, na maandishi yake yapo kwenye tovuti. Nasikiliza kwanza bila kuangalia. Kisha nafuata maandishi huku sauti inaenda, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Baadaye, kwenye daladala, sauti peke yake. Uzuri wa habari ni kwamba tukio moja hudumu siku nyingi. Kukiwa na uchaguzi mahali, kura, mgombea na matokeo vinarudi kila siku katika sentensi tofauti, mpaka unajua neno gani huandamana na lipi. Kadi haikupi hilo.

Kamusi sifungui ovyo. Neno likirudirudi na bado ni giza, ndipo nalitafuta, na nikiliweka kwenye kadi naliweka na sentensi yake nzima.

Magazeti makubwa kama Le Monde yaache kwanza. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa New Zealand, anasema ili usome bila msaada ujue takriban maneno 98 katika kila 100. Kwa Kiingereza alikadiria mwaka 2006 kuwa riwaya na magazeti vinadai familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (neno na vinyambuliko vyake huhesabiwa familia moja). Sidhani Kifaransa kina huruma zaidi. Anza na hadithi zilizorahisishwa za ngazi ya A1 au A2, yaani za wanaoanza, hasa zenye sauti.

Aliyekushauri usikilize rumba ya Kongo hakukosea kwa burudani, lakini nyingi ni Kilingala.

Kwa wateja wa Kongo, ongeza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa huko Kongo. Inatangaza kwa Kifaransa na Kiswahili pia, kwa hiyo sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha tafuta ileile kwa Kifaransa. Ukishajua kilichotokea, maneno mengi yanajifungua yenyewe. Na utazoea tarakimu zao: Wakongo husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, tofauti na vitabu vya Paris. Kwenye bei hilo si dogo.