Kasha la Bibi na Orodha ya Dalali

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimeandika sura tatu za riwaya fupi inayotokea katika nyumba ya bibi yangu. Sura ya kwanza nzima nimeitumia kufungua kasha lake la njumu na kutaja kila kilichomo: mrashi wa fedha, chetezo, vikombe vya kahawa, doti saba za kanga ambazo hazijakatwa, na ufunguo usiojulikana ni wa kufuli gani. Rafiki yangu aliyeisoma ameniambia inasomeka kama orodha ya dalali wa mnada. Je, vitu vina kazi gani hasa katika riwaya, zaidi ya kupamba mandhari? Na mkusanyo wa vitu una kazi tofauti na ya kitu kimoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amekusaidia kuliko anavyodhani, ingawa naona amemwonea dalali. Katika mnada, kila kinachonyanyuliwa juu kina angalau watu wawili wanaokitaka, na pengine wa tatu amesimama nyuma kabisa akitazama kabati la marehemu baba yake likienda kwa bei ya kutupwa. Katika sura yako, kwa jinsi ulivyoieleza, vitu vinatoka kashani kimoja baada ya kingine na hakuna anayevitaka, anayeviogopa, wala aliyewahi kunyang'anywa kimojawapo. Kasoro iko hapo, wala haiko katika wingi wa vitu.

Chukua riwaya ya By the Sea ya mwaka 2001, ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mzee Saleh Omar anawasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi, akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, na mzigoni mwake mna kijikasha cha mkangazi chenye udi al-qamari. Afisa wa uhamiaji anamhoji, anakifungua, kisha anakichukua. Mwandishi mwingine angeridhika kutuachia hapo simanzi ya mkimbizi aliyeporwa. Gurnah anaturudisha nyuma: udi ule Saleh Omar, ambaye zamani alikuwa muuza samani, aliupata kwa mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain, aliyekuja na pepo za msimu, walipokuwa wakipatana bei ya meza ndogo ya mpingo. Meza hiyo mgeni aliitaka ili amzawadie kijana wa nyumba aliyofikia, na kutokana na mgeni yule familia ile ikaingia katika aibu na hasara. Miaka ikapita, meza ikarudi kwa Saleh Omar pamoja na vyombo vingine vya nyumba hiyo, na mdogo wa yule kijana akaja dukani kuiomba. Saleh Omar akakataa kuitoa. Msomaji anaweza kusahau umbo la meza ile, lakini hasahau ilipita katika mikono ya nani, na ni nani aliyeondoka mikono mitupu.

Sasa mkusanyo. Mfano ambao siwezi kuukwepa ni wa mwandishi wa Uturuki, Orhan Pamuk, na riwaya yake Masumiyet Müzesi, yaani Makumbusho ya Kutokuwa na Hatia, iliyotoka mwaka 2008. Kemal, kijana tajiri wa Istanbul aliyekwisha kuchumbia, anaingia dukani kumnunulia mchumba wake mkoba, na hapo anakutana na Füsun, binti wa ukoo wake wa mbali. Baada ya kumpoteza Füsun, ambaye anaolewa na mwanamume mwingine, Kemal anakaa takriban miaka minane akienda kula chakula cha jioni nyumbani kwa wazazi wa binti huyo, na kila akiondoka ametia kitu mfukoni: kichupa cha chumvi, sanamu ya mbwa wa kauri iliyokuwa juu ya televisheni, kipisi cha sigara aliyoivuta Füsun. Vipisi hivyo vinafika 4,213. Mtu akiokota kipisi kimoja tutamwona mchafu; akiwa navyo 4,213 tunaanza kumwogopa, na kurasa kadhaa mbele tunajikuta tunamhurumia. Kitu kimoja kingeweza kutuambia kwamba Kemal anapenda. Ilihitajika idadi ile kutuonyesha kwamba kupenda kwake kumekuwa maradhi, na kwamba anakusanya mabaki ya mtu aliye hai, aliyeketi mezani mbele yake, kana kwamba amekwisha kufa.

Pamuk alivinunua vitu vingi vya namna hiyo katika maduka ya vikorokoro huku riwaya ikiendelea kuandikwa, na mwaka 2012 akafungua makumbusho halisi yenye jina la riwaya, katika nyumba ya mtaa wa Çukurcuma, Istanbul. Riwaya ina sura 83, na makabati ya maonyesho yamepangwa kwa kufuata sura hizo. Vipisi vya sigara vimebandikwa ukutani safu kwa safu, chini ya kila kimoja pameandikwa maneno machache kwa mkono. Wahenga walipotuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, hawakuwa wakifikiria sigara, lakini Kemal angewaelewa.

Turudi Tanga. Mkusanyo wako umekwisha kuwa nao, ila umeupita kwa maneno sita: doti saba za kanga ambazo hazijakatwa. Mrashi na chetezo vimo katika makasha mengi ya Pwani. Lakini mwanamke anayepewa doti huikata, akaipinda, akaivaa. Bibi huyu amepewa mara saba, na mara zote saba ameikunja na kuirudisha kashani. Ni nani aliyekuwa akizileta? Majina ya kanga hizo, yakisomwa kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu, yanasemaje? Je, babu alijua? Ningeanza riwaya na mjukuu anayeishika doti moja, mkasi mkononi, na mama yake akimpigia kelele kutoka uani asithubutu. Ufunguo, kwa maoni yangu, uuache. Umekwisha kutumika mno katika hadithi za watu.

SWALI: Vijana wa leo hawajui mrashi wala chetezo. Mwandishi aweke tanbihi chini ya ukurasa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Kitu kisichojulikana hueleweka kinapotumiwa. Mwonyeshe shangazi akipuliza makaa ya chetezo, akiweka kipande cha udi, kisha akitandaza juu yake nguo ya bibi harusi hadi moshi unapopenya kwenye nyuzi. Mwonyeshe mgeni mlangoni akikinga viganja, mwenyeji akiinamisha mrashi, na marashi yakitoka matone mawili tu kwa sababu yamekwisha, na mgeni akijipaka shingoni kwa adabu kana kwamba yamejaa. Msomaji wa Dodoma ambaye hajawahi kuuona mrashi atakuwa ameujua, na tena atakuwa amejua hali ya fedha ya nyumba hiyo. Tanbihi tuwaachie wahariri wa tenzi.