Ukifika Nyhavn, kaa upande wa kivuli

Naishi Malmö, Uswidi, na kila mgeni anayenijia kutoka nyumbani huwa na ombi lilelile: nimpeleke kwenye zile nyumba za rangi za mtaa wa Nyhavn, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, alizoziona kwenye simu. Kwa treni ni kama dakika 40 kuvuka daraja la Øresund, kwa hiyo sina kisingizio. Nimekwenda na mashemeji, nimekwenda na wanafunzi, nimekwenda na mama mmoja aliyetaka picha mbele ya kila mlango. Lakini aliyenifumbua macho ni mjomba wangu wa Pangani, mzee aliyeumaliza ujana wake kwenye majahazi. Alinitembelea Juni mwaka juzi.

Nyhavn maana yake ni Bandari Mpya, ila upya wenyewe ni wa mwaka 1673. Mfalme Christian wa Tano alitaka vyombo viingie mpaka karibu na uwanja mkubwa wa Kongens Nytorv, mzigo ushushwe katikati ya mji. Mfereji ukachimbwa na askari pamoja na mateka wa vita wa Kiswidi. Kipande hicho nikikisimulia kwa wageni wangu huwa napunguza sauti, maana nakula mkate wa Waswidi.

Sasa lililo kubwa. Mfereji una pande mbili. Ule wa kaskazini ndio wa jua, wenye nyumba za njano, nyekundu na buluu na migahawa iliyojipanga bega kwa bega. Huko ndiko kila mtu anakokimbilia. Lakini picha unayoifahamu imepigwa kutoka ng'ambo, upande wa kivuli. Ukikaa kwenye viti vya mbele ya mgahawa, nyumba ulizozifuata kutoka mbali umezipa mgongo, na kiti hicho unakilipia.

Mimi na mjomba tulikilipia. Tuliagiza mkate mweusi wa shayiri nyekundu wenye samaki wa siki juu yake, chakula cha Wadenmark haswa. Nikamwambia, kula bila wasiwasi, ni samaki. Akaunyanyua mkate, akautazama kwa chini kama mtu anayekagua ngalawa, akaniuliza, "Na hii nyeupe ni nini?" Nilidhani siagi. Kumuuliza mhudumu, akajibu kwa upole kwamba ni mafuta ya nguruwe, ndivyo unavyopakwa tangu zamani. Mjomba alikunywa maji. Bili ilikuja kroni 310, ambazo kwa shilingi zetu ni laki na ushee, na mikate ikarudi jikoni mizima. Kwa hiyo kama huli nguruwe, uliza kabla hujaagiza, hata kama kilichoandikwa ni samaki. Neno lao la nyama ya nguruwe ni svinekød, na mafuta yake ni svinefedt.

Siku hizi nabeba chakula kutoka dukani, tunakaa ukingoni mwa gati upande wa kivuli, miguu ikining'inia juu ya maji. Wenyeji nao hufanya hivyohivyo jua likiwaka, na hakuna anayekuuliza. Angalizo: gati halina ukuta wala kizuizi, mtoto mshike mkono.

Ukiwa hapo, tazama pia nyumba zilizo nyuma yako. Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto, alipanga mtaa huu mara tatu: namba 20, kisha 67, na uzeeni namba 18. Mbili kati ya hizo, 18 na 20, ziko upande huu wa kivuli. Nyumba kongwe kuliko zote ni namba 9, ya mwaka 1681, hiyo iko ng'ambo. Zamani mtaa mzima ulikuwa wa mabaharia, wenye vilabu vya pombe, machangudoa na wachora chale. Mtu wa heshima hakupita usiku.

Mjomba nyumba hazikumshughulisha. Yeye aliviendea vyombo. Sehemu ya ndani ya mfereji, tangu mwaka 1977, imewekwa kwa ajili ya meli za zamani za mbao. Akasimama mbele ya moja, akaifuata kamba kwa macho toka mlingotini hadi sitahani, kidole kikitembea hewani. "Hii ndiyo henza," akasema, yaani kamba ya kupandishia tanga. "Na gofia yake ile pale," kapi inamopita kamba hiyo. Nusu saa nzima. Akainama akaigusa kamba ya kufungia, akavinusa vidole, akacheka: harufu ya lami aliijua. Mimi nilikuwa nimepita pale mara ishirini bila kuona kamba hata moja.

Kuhusu boti: zile za watalii huchukua kama saa moja na hupita kwenye mifereji myembamba ya Christianshavn. Ni nzuri, ila ukiambiwa kaa, kaa, madaraja ni ya chini kweli. Kama pesa imebana, panda boti ya abiria ya kawaida, inayotumia tiketi ileile ya metro. Haiingii kwenye mifereji midogo, lakini bandari kubwa utaiona. Na ukipita daraja la Inderhavnsbroen kwa miguu, usisimame kwenye njia ya baiskeli kupiga picha. Watakupigia kengele, na wengine hawapunguzi mwendo.

Ukiwa na nguvu, tembea kaskazini kwa Toldbodgade kama dakika 10 hadi ghala la zamani linaloitwa Vestindisk Pakhus. Humo ndimo ilimokuwa ikiwekwa sukari kutoka visiwa vya Karibea ambavyo Denmark ilivitawala hadi ilipoviuza kwa Marekani mwaka 1917, sukari ya jasho la watumwa wa Kiafrika. Nilipomweleza mjomba, hakushangaa. Alisema hata kwetu Mto Pangani ulizungukwa na mashamba ya miwa, nayo yalilimwa na watumwa. Tukarudi bila kuongea sana.

Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, mtaa ukiwa bado wa wenyeji na wazoa taka. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo jioni nayo ni ndefu. Desemba saa kumi kasoro ni giza. Koti beba hata mwezi wa tano, upepo wa bandari hauna urafiki.

Na pasipoti. Kurudi Uswidi kuna ukaguzi. Sisi safari ya kwanza tuliishia Hyllie, kituo cha mwisho cha Malmö kabla ya daraja, hata daraja hatujaligusa, kwa sababu tulikumbuka kwamba pasipoti ya mjomba ilikuwa nyumbani kwangu chini ya godoro, alikoificha isiibiwe.