Taa Iliyozimika na Valvu Iliyobaki Wazi

SWALI: Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha chai huku Mufindi, mkoani Iringa. Nimesoma kwamba vinu vidogo vya nyuklia vinabuniwa ili waendeshaji wachache waongoze vinu kadhaa wakiwa chumba kimoja chenye skrini, badala ya paneli za taa na swichi. Je, skrini hizo zinapunguza makosa kweli? — Fundi, Mufindi

JIBU: Ndugu Fundi, hilo linategemea mbunifu ameamua skrini ionyeshe nini. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani, valvu ya kupunguza mgandamizo ilifunguka, kisha ikakwama wazi. Taa yake kwenye paneli ilizimika na waendeshaji wakaamini kuwa imefunga, kumbe taa ile ilifuata umeme wa kuiamuru valvu, wala haikupima mahali valvu ilipo. Maji ya kupoza kinu yakavuja kwa zaidi ya saa mbili. Kipimo cha tangi lililoyapokea, ambacho kingewafumbua macho, kiliwekwa nyuma ya paneli kuu, na katika dakika chache za mwanzo kengele zaidi ya 100 zilikuwa zimelia, za maana na zisizo na maana kwa pamoja. Sehemu ya kiini cha kinu, yaani mahali penye fueli, ikayeyuka. Kwangu mimi, lawama kubwa ni ya aliyechora paneli ile.

Jambo hili unalijua: taa iliyoungwa kwenye koili ya kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) huendelea kuwaka hata mkanda wa feni ya kunyausha chai ukikatika. Kwa hiyo skrini nzuri huonyesha amri na hali halisi kando kwa kando, na hutanguliza kengele inayodai hatua ya haraka.

Vinu vidogo vina hatari yao ya ziada. Kampuni ya NuScale ya Marekani ilibuni kituo ambacho vinu 12 vinaongozwa kutoka chumba kimoja. Hapo mtu aliyechoka anaweza kutuma amri sahihi kwa kinu kisicho chenyewe, na ndiyo maana namba ya kinu inapaswa kuonekana wazi kwenye kila ukurasa, tena karibu na kitufe chenyewe. Isitoshe, vingi vinabuniwa vijipoze bila pampu, hivyo mwendeshaji hukaa muda mrefu bila kugusa kitu, na mikono huzubaa asipofanyishwa mazoezi ya dharura mara kwa mara kwenye chumba cha kuigizia uendeshaji wa kinu. Vitufe vya kuzima kinu, kwa maoni yangu, vibaki na waya wake usiopitia kompyuta.