Ndala zinachomoka miguuni bila kujua: je, ni ugonjwa wa neva wa kurithi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Tangu shule ya msingi najikwaa ovyo, na ndala ikichomoka naendelea kutembea bila kuhisi. Siku hizi hata kufunga vifungo vya shati kunanipa shida. Baba hutembea akinyanyua magoti juu, na shangazi vivyo hivyo. Nimechomwa sindano nyingi za vitamini B, sijapata nafuu. Mtaani wanasema tumerogwa. Nitajuaje kama ni ugonjwa wa kurithi?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hamjarogwa. Unayoeleza yanafanana mno na ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, uliopewa majina ya madaktari watatu walioueleza mwaka 1886. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500, kwa hiyo ukoo wenu hauko peke yake.

Ni ugonjwa wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na neva ndefu ndizo huumia kwanza, ndiyo maana unaanzia miguuni na mikono hufuata baadaye. Vua viatu, kaa kwenye kigoda, ujitazame. Je, tao la unyayo limeinuka kupita kawaida? Vidole vimejikunja kama makucha? Mguu umekonda chini ya goti huku paja likiwa limejaa? Kisha simama karibu na ukuta ujaribu kutembea kwa visigino tu. Mwenye ugonjwa huu mara nyingi hushindwa, vidole vinadondoka chini. Na daktari akigonga kano ya kisigino kwa kile kinyundo cha mpira, mara nyingi mguu haushtuki.

Hata hivyo, yanayotibika yatafutwe kwanza: kisukari, upungufu wa vitamini B12, VVU, pombe, na dawa ya TB iitwayo isoniazidi. Ukoma nao usisahaulike. Huo hunenepesha neva kama huu wa kurithi unavyoweza kufanya, ila kwa kawaida huacha mabaka yasiyo na hisia na huumiza upande mmoja kuliko mwingine. Wa kurithi hushika pande zote mbili karibu sawasawa, tena polepole, kwa miaka.

Kipimo kinachofuata ni cha umeme wa neva. Unapewa mishtuko midogo juu ya ngozi, kisha mashine inapima kasi ya neva. Mkononi, kasi ikiwa chini ya mita 38 kwa sekunde, ganda la neva ndilo lililoharibika. Aina inayoongoza, 1A, hutokana na kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya PMP22 kujirudia, na kipimo cha jeni kwa damu hukionyesha. Mzazi mwenye aina hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Dawa ya kuuponya bado haijapatikana, lakini mazoezi ya viungo na vishikizo vya kifundo cha mguu husaidia sana kutembea. Sindano hizo ziache kama hukupimwa ukakutwa na upungufu, maana vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile. Na siku yoyote ukihitaji dawa za saratani, mwambie daktari mapema kuhusu neva zako, kwani vinkristini inaweza kukulemaza.

Kipimo cha jeni ni ghali. Miguu ya ndugu zako ni bure. Ukienda kwa daktari wa neva, nenda na baba na shangazi, wavue viatu mbele yake.